Kiti cha Mfiwa

Kalekye: Haloo? Nani huyo? Kioo ya simu imepasuka, jina silioni.

Nzilani: Mwaitu, ni mimi.

Kalekye: Mimi nani? Leo nimepigiwa na kila mtu. Wa tenti, wa viti, wa—

Nzilani: Nzilani. Mtoto wako.

Kalekye: Aiya! Mwiitu wakwa! Mbona sauti iko mbali hivyo? Uko ndani ya pipa?

Nzilani: Niko hapa Machakos, nje ya mochari. Kuna jenereta inanguruma. Wi museo?

Kalekye: Ni museo. Ngoja nipande kidogo, hapa kwa boma mtandao unakuja ukienda... [mtandao unakwaruza] ...mbaazi...

Nzilani: Umekatika. Haloo? Mwaitu?

Kalekye: Nasema napanda huku kwa mbaazi! Kwa tuta la juu. Sasa?

Nzilani: Sasa nakusikia. Angalia usianguke.

Kalekye: Nianguke wapi, hili shamba nimelilima tangu niolewe. Hebu niambie. Wamekuonyesha jeneza la Susu?

Nzilani: Wamenionyesha. Ni zuri. Lile la rangi ya kahawia, kama tulivyosema. Kesho asubuhi mapema tunatoka naye. Huko je? Tenti imefika?

Kalekye: Imefika. Viti pia. Wamama wa kanisa wamejaa jikoni, wanachambua maharagwe ya isyo, ya kupikwa na mahindi, wanaongea mpaka kuku wamehama.

Nzilani: Na wewe umekula?

Kalekye: Nitakula.

Nzilani: Mwaitu.

Kalekye: Nimesema nitakula. Ulinipigia kuuliza chakula?

Nzilani: Hapana. Pasta Musembi amenipigia.

Kalekye: Mm.

Nzilani: Amesema ameongea na wewe na umekubali.

Kalekye: Mm.

Nzilani: Usiniguniegunie, mwaitu, niambie kama umekubali. Amesema kesho nisimame mbele ya watu wote, niseme kile nilichoandika chuoni juu ya nyumba yetu kilikuwa hadithi ya darasani, si kweli. Kwamba Susu, nyanya tunayemzika, hakukuoa. Kwamba wewe ulikuwa msaidizi wake wa nyumbani. Nikisema hivyo, wamama watamvalisha, watambeba, watamwimbia kama mwanachama wao. Nisiposema, watavua vitambaa vyao vya kichwani wakae tu kama majirani, na yeye pasta hatafungua Biblia. Hayo ndiyo umekubali?

Kalekye: Ni dakika mbili tu, Nzilani. Unasema, unakaa chini.

Nzilani: Dakika mbili!

Kalekye: Wewe huongea masaa mawili huko chuo, watu wanalala. Hii dakika mbili itakushinda?

Nzilani: Si muda, mwaitu! Ni— Wewe uliolewa. Susu alikuwa mjane bila mtoto, nyumba ya mumewe Kitonga ilikuwa inakufa jina. Akatoa ng'ombe na mbuzi, akaita ukoo wote, akakuoa, ili uzae watoto wa hiyo nyumba. Iweto. Ni mila ya Kikamba iliyokuwepo kabla pasta yeyote hajafika Kalama. Hakuna mtu aliyejificha. Hakuna mtu aliyeiba—

Kalekye: Unanihubiria mimi? Mimi ndio niliolewa. Nilikuwa hapo. Ng'ombe moja ilikuwa inachechemea.

Nzilani: Basi kwa nini unataka niikane?

Kalekye: Kwa sababu aliniomba. Jumapili, kabla mdomo haujamlemea, aliniambia, Kalekye, mimi nikifa, nifungwe kitambaa changu cheupe na wamama waniimbie. Hakuomba kitu kingine. Hakusema nipewe shamba hili, nipewe lile. Kitambaa na wimbo. Sasa mimi nifanye aje? Nimwambie nini?

Nzilani: Na wewe ukae wapi kesho?

Kalekye: Nitakaa.

Nzilani: Wapi?

Kalekye: Kuna kazi nyingi jikoni.

Nzilani: Kile kiti cha mbele pale chini ya tenti, cha mfiwa. Nani amekikalia?

Kalekye: Wathome.

Nzilani: Wathome! Shemeji ya Susu ambaye hata salamu hakuwa anampa?

Kalekye: Si ndio ndugu ya marehemu Kitonga. Ameletewa mto wa kukalia, ameegemea, anaangalia shamba vile mtu anaangalia sahani ya nyama. Watu wakiingia wanaenda kwake, wanamshika mkono, wanampa pole. Kwangu wanakuja wakiuliza choo iko wapi.

Nzilani: Mwaitu...

Kalekye: Ni sawa. Choo nawaonyesha. [mtandao unakwaruza]

Nzilani: Unalala wapi?

Kalekye: Umesema?

Nzilani: Nauliza unalala wapi. Chumba chenu nani yuko ndani?

Kalekye: Wamama wametandika huko. Ni wengi, wanahitaji nafasi. Mimi nimeweka godoro jikoni. Kuna joto, hata ni afadhali. Karibu na moto.

Nzilani: Wamekutoa kwa chumba chako.

Kalekye: Hawakunitoa. Waliniambia msaidizi... waliniambia jikoni kuna joto.

Nzilani: Unaona? Hawajangoja hata nikane. Wameshaanza. Mwaitu, hii ndiyo ile kitu nilikuwa naandika. Mzee Ndunda ana wake wawili, sivyo? Kila Jumapili yuko kiti cha mbele, anashika sahani ya sadaka. Mke wa pili wanamwita "dada yetu". Hakuna anayemwambia Ndunda akane mtu. Macho ya kanisa yanafunguka tu wakati mwenye nyumba ni mwanamke. Dini haikuletwa hapa na—

Kalekye: Kwani hiyo ya Ndunda pia uliandika?

Nzilani: Bila jina.

Kalekye: Bila jina! Mzee wa wake wawili, mwenye kisiagi cha unga, na ako na bibi mmoja kila upande wa barabara—

Nzilani: Sikusema barabara.

Kalekye: Ulisema kisiagi?

Nzilani: Nilisema... mfanyabiashara wa unga.

Kalekye: Kisiagi hapa ni kimoja, Nzilani. Hata mbuzi wanajua ni nani.

Nzilani: [anacheka kidogo] Sawa. Hiyo nimekosea.

Kalekye: Alininyima kusaga mpaka mvua ya vuli ikaisha. Nilikuwa natembea na debe mpaka ng'ambo ya mto.

Nzilani: Hukuniambia!

Kalekye: Ningekwambia ungeandika tena.

Nzilani: Hiyo umenipiga.

Kalekye: Sikupigi, mami. Nasema tu. Wewe ukimaliza kuandika unapanda gari, unaenda. Sisi tunabaki na hao watu kwa bomba moja la maji. Walikuwa wanajua, siku zote walikuwa wanajua. Pasta aliyetangulia huyu alikuwa anakunywa chai yangu hapa, ananiita "mke wa nyumba". Lakini kujua na kusomewa ni vitu viwili. Mtu akishasomewa hawezi kujifanya hakusikia.

Nzilani: Ni nani aliwasomea? Nimekuwa nikijiuliza. Ile makala ilikuwa kwa watu wa chuo. Nilisikia ni Peris wa hapo kijijini, kwa sababu nilimfundisha chuoni. Ni yeye alimpelekea pasta?

Kalekye: Peris hana makosa.

Nzilani: Basi nani?

Kalekye: Hiyo wacha. Kesho ndio tunaongea.

Nzilani: Sawa, kesho. Mimi siwezi kusimama mbele ya Susu amelala pale nimwambie kila mtu hakuwa na mke. Siwezi, mwaitu. Alikuwa mwanachama wao. Alikuwa anaenda kanisani kila Jumapili, hata baada ya ile stroku. Hata Jumapili hii aliyokufa alianguka akitoka kanisani. Mtu amekufa na Biblia kwapani, halafu wanataka—

Kalekye: Hakuwa anatoka kanisani.

Nzilani: Nini?

Kalekye: [mtandao unakwaruza] ...hakuwa...

Nzilani: Haloo? Sikusikia. Umesema hakuwa nini?

Kalekye: Nasema Jumapili hakuwa anatoka kanisani. Alikuwa anatoka huko nyuma, kwa makonge.

Nzilani: Makonge gani?

Kalekye: Yale ya ua wa kanisa, huko nyuma, kwa upande wa korongo. Kuna jiwe. Alikuwa anakaa hapo.

Nzilani: Kwa nini akae hapo?

Kalekye: Walimtoa kwa meza ya Bwana, Nzilani. Tangu Pasaka ya mwaka jana. Walimwambia asije mpaka atubu.

Nzilani: [kimya]

Kalekye: Haloo? Umeenda?

Nzilani: Niko. Pasaka ya mwaka jana? Lakini mimi nilikuwa napiga kila Jumapili. Kila Jumapili, mwaitu. Unaniambia, Susu ameenda kanisani, piga jioni.

Kalekye: Na alikuwa ameenda. Sikukudanganya. Asubuhi namuogesha, anavaa rinda lake la bluu, mimi namfunga kitambaa kwa sababu mkono wa kulia ulikataa kuinuka. Anachukua fimbo, anateremka. Wenzake wanaingia kwa mlango, yeye anazunguka nyuma. Wakiimba, anaimba. Wakiomba, anainamisha kichwa. Wakitoka, na yeye anatoka kwa makonge, anapanda nao barabara kama mtu aliyekuwa ndani. Wengine walikuwa wanamsalimia. Wengine wanaangalia viatu.

Nzilani: Kwenye jua lile.

Kalekye: Kwenye jua. Siku ya mvua alikuwa anajifunika gunia. Nilimwambia, Mutindi, si uimbie hapa nyumbani? Akaniambia, hapa nyumbani nani ataimba ya kwanza? Yeye alikuwa sauti ya pili, unakumbuka. Hajui kuimba kama hakuna wa kuimba ya kwanza.

Nzilani: Kwa nini hamkuniambia?

Kalekye: Yeye alikataa. Alisema huyu mtoto atakuja hapa na hasira ya vitabu, apigane na pasta, halafu arudi Nairobi alie peke yake kwa nyumba. Akasema, mwache afanye kazi.

Nzilani: Mimi nilisimama mbele ya watu, mwaitu. Ukumbi mzima. Nikawaambia kuna mwanamke Kalama ambaye kanisa na mila vimekaa ndani yake bila kugombana. Wakanipigia makofi. Na yeye alikuwa kwa jiwe.

Kalekye: Usilie kwa simu. Watu wa mochari watafikiri ni leo amekufa.

Nzilani: Silii.

Kalekye: Unalia. Nakusikia kwa pua.

Nzilani: Ni mimi nilimtoa kanisani.

Kalekye: Sikusema hivyo.

Nzilani: Mimi na ile makala. Kama ningenyamaza angekufa amekaa kwa benchi, na wenzake. [anapenga kamasi] Sawa, mwaitu. Nitasema.

Kalekye: Utasema?

Nzilani: Nitasema yale pasta anataka. Acha aimbiwe. Ni kitu kidogo.

Kalekye: Asante, mami. Asante sana. Mungu akubariki. Sasa... hebu jaribu nisikie. Usije kesho ukaweka maneno ya chuo hapo katikati, watu wakose kuelewa.

Nzilani: Nijaribu sasa?

Kalekye: Sasa. Niko peke yangu hapa na mbaazi.

Nzilani: [anakohoa] "Bwana asifiwe kanisa. Kwa majina naitwa Nzilani Kitonga..."

Kalekye: Amina. Endelea.

Nzilani: "Yale niliyoandika juu ya nyumba hii yalikuwa mfano wa darasani. Hayakuwa ya kweli. Naomba msamaha. Marehemu Mutindi alikuwa mjane, na hakuoa mtu. Aliishi hapa na msaidizi wake, Kalekye, ambaye alimpikia na kumfulia mpaka mwisho. Na tunamshukuru."

Kalekye: [kimya]

Nzilani: Mwaitu? Ni hivyo?

Kalekye: Rudia hapo mwisho.

Nzilani: "Aliishi hapa na msaidizi wake, Kalekye, ambaye alimpikia na kumfulia—"

Kalekye: Na tunamshukuru.

Nzilani: Ni maneno ya pasta. Amenisomea kwa simu.

Kalekye: Sasa wewe hapo mbele ni nani?

Nzilani: Vipi?

Kalekye: Umejiita Kitonga. Kama mimi nilikuja hapa kufua nguo, wewe hiyo jina ulitoa wapi? Kitonga alikufa kabla mimi sijakanyaga hapa.

Nzilani: Hawatauliza. Si ndiyo maana ya hii kitu yote, kwamba hakuna anayeuliza?

Kalekye: Wathome atauliza. Si kesho. Kesho atanyamaza. Lakini mbaazi zikivunwa atauliza.

Nzilani: Hiyo tutapambana nayo. Wewe ulitaka wimbo, utapata wimbo. Mwaitu? Uko?

Kalekye: Niko. Ngoja. Nimekaa chini kidogo. Uliniuliza nani alisoma ile kitu yako.

Nzilani: Ulisema niwache.

Kalekye: Ni yeye mwenyewe.

Nzilani: Susu? Susu hakujua kusoma.

Kalekye: Ndio maana alimwita Peris. Alisikia umeandika. Aiya, hakulala! Alisema, mtoto wangu ameandika kitabu juu yangu. Nikamwambia si kitabu, ni makaratasi. Akasema makaratasi yakiwa mengi ni kitabu. Siku wamama wa kanisa walikutana hapa kwetu, zamu yetu ya chai, akamwambia Peris, leta hiyo simu, simama hapo katikati, usome kwa sauti wote wasikie. Yeye mwenyewe. Amekaa pale na kitambaa, ametabasamu, anawaangalia mmoja mmoja.

Nzilani: Aliwasomea wamama wote? Kwa hiari yake?

Kalekye: Peris anasoma Kizungu, anageuza kwa Kikamba. Inaendelea vizuri. Wamama wanasema, mm, mm. Halafu akauliza, na jina langu liko wapi? Peris akamwambia, susu, ni hili, "Mama M". Akasema, M ni nani? Peris akasema, ni wewe, chuoni huwa wanaficha jina ili mtu asiaibike. Ehe! Alikasirika huyo mwanamke! Alisema, aibu ya nini? Mimi nilitoa ng'ombe mchana. Nzilani ananiandika kwa herufi moja kama mwizi wa kuku?

Nzilani: [anacheka, analia] Mwizi wa kuku.

Kalekye: Akashika fimbo, akasimama. Na kusimama kwake unajua ilikuwa kazi. Akawaambia, andikeni nyinyi kwa kichwa chenu. M ni Mutindi. Ni mimi. Na K ni Kalekye, yule pale, ni mke wangu, nilimuoa, na hakuna siku nimejuta.

Nzilani: Alisema hivyo? Mbele ya wamama wote?

Kalekye: Mbele ya wote. Kukanyamaza mpaka nikasikia chai ikichemka.

Nzilani: Na wewe ulisema nini?

Kalekye: [mtandao unakwaruza]

Nzilani: Mwaitu? Wewe ulisema nini?

Kalekye: Mimi nilikuwa na sufuria mkononi.

Nzilani: Mm.

Kalekye: Ilikuwa moto. Ilikuwa imejaa, nikaangalia isimwagike.

Nzilani: Ni sawa, mwaitu.

Kalekye: Mamake Peris akatoka, mwenyekiti wao. Wengine wakafuata. Jumapili iliyofuata ndio Pasaka.

Nzilani: Kwa hiyo si makala.

Kalekye: Makala yako ilimpa tu kiti cha kupandia. Maneno alisema yeye. Na pasta alimwita baadaye, akamwambia aseme alikuwa anafanya mzaha, arudishwe kwa meza. Neno moja tu, mzaha. Akakataa. Akaenda kwa jiwe.

Nzilani: Na sasa kesho mimi nimsemee.

Kalekye: Ndio. Hapa nilipo naona tenti. Naona hata kile kiti. Wathome amesinzia.

Nzilani: Mwaitu, niambie unataka nifanye nini. Kweli. Ukisema niseme, nitasema. Sitakulaumu.

Kalekye: Usiseme.

Nzilani: Una uhakika?

Kalekye: Hayo maneno, usiseme. Amekaa kwa jua mwaka mzima na zaidi asiseme, halafu leo amelala hawezi kujitetea, sisi ndio tumsemee? Hapana. Ataamka anipige na ile fimbo.

Nzilani: Wamama hawataimba.

Kalekye: Najua.

Nzilani: Hawatambeba.

Kalekye: Alikuwa amebaki mwepesi, Nzilani. Mimi nilikuwa nambeba kutoka kitandani kila asubuhi. Wewe utashika mbele, mimi nyuma, wa tenti watasaidia. Hao nimewapa chai.

Nzilani: Na rinda lake? Pasta alisema wamama ndio watakuja nalo mochari kesho.

Kalekye: Watakuja nalo wapi, liko kwangu. Rinda na kitambaa. Niko navyo ndani ya beseni, nimefunika na leso. Mamake Peris ameuliza mpaka amechoka. Nimemwambia havijakauka.

Nzilani: Tangu Jumapili? Na hili jua la Kalama?

Kalekye: Nimemwambia kitambaa ni kizito.

Nzilani: [anacheka] Wewe mwaitu wewe! Kwa hiyo hata wewe ulikuwa hujakubali.

Kalekye: Sijui. Mkono tu ulikataa kumpa. Nani angemfunga? Hawajui. Ukikaza kwa sikio la kushoto linamuuma. Unaanza huku nyuma, unaacha nafasi ya kidole. Nitakuja kumvalisha mwenyewe. Kesho usimtoe mpaka nifike.

Nzilani: Sikungojei kesho. Nakuja leo.

Kalekye: Leo? Utalala wapi? Nyumba imejaa.

Nzilani: Jikoni. Si ulisema kuna joto?

Kalekye: Godoro ni moja, na ina bonde katikati.

Nzilani: Tutakutana bondeni.

Kalekye: [anacheka kidogo] Basi ulete mkate. Na majani ya chai, hawa wanatumia kama wanamwaga mchanga. Nzilani.

Nzilani: Eeh.

Kalekye: Jikoni ile, kuna ule upande wake, pale kwa kigoda. Asubuhi nikiamka napakua uji vikombe viwili. Tangu Jumapili. Namimina, halafu nakumbuka. Kikombe cha pili sijui nifanye nayo nini. Nairudisha kwa sufuria, inakuwa baridi, nawapa kuku. Na nyumba imejaa watu, wanacheka, wanaitisha chumvi. Sijawahi kukaa peke yangu hivi. Hata kabla sijaolewa.

Nzilani: Nakuja sasa hivi. Natafuta gari.

Kalekye: Na wimbo je? Hakuna mtu ataimba.

Nzilani: Tutaimba sisi.

Kalekye: Wewe huna sauti. Tangu ukiwa Sunday school, mwalimu alikuambia ufungue tu mdomo.

Nzilani: Basi nitafungua mdomo.

Kalekye: Mimi nitachukua ya kwanza. Ile ya pili... ile tumuachie yeye. Tuache tu nafasi yake.

Nzilani: Tutaiacha. [simu inalia pi, pi] Mwaitu, kredo yangu inaisha.

Kalekye: Hata mimi chaji ni kidogo, na huko chini wameanza kuita. Unawasikia?

Nzilani: Nawasikia. Ni nani?

Kalekye: Mamake Peris. Anataka ile sufuria kubwa.

Nzilani: Amekuita nani? Kuna jina ameita.

Kalekye: Ameita tu. Haya, njoo salama. Usisahau majani.

Nzilani: Ngoja! Mwaitu, ngoja, usikate.

Kalekye: Nini?

Nzilani: Tangu Jumapili tunaongea jeneza, tunaongea pasta, viti. Sijakuambia.

Kalekye: Hujaniambia nini? Haraka, inalia.

Nzilani: Pole, mwaitu. Pole sana kwa kufiwa.

Kalekye: [kimya]

Nzilani: Umenisikia? Haloo?

Kalekye: Nimesikia. Asante. Wewe ndio wa kwanza.

Nzilani: [pi, pi] Nakuja. Unasikia? Nikifika, nataka nikukute kwa kile kiti.

Kalekye: Wanaita tena. Hawa watu hawana subira. Ngoja niwajibu... Nimewasikia! Iko juu ya kabati! Ichukue mwenyewe, mamake Peris, mimi nimefiwa!